Aliyemkata Nevena Pingu

Radostina alipoolewa na Asen alipewa ghorofa ya juu, mavyaa wake Stamena akabaki ya chini, na ngazi ya mawe ikawa mpaka wao. Hiyo ilikuwa hesabu ya kiangazi. Majira ya baridi milimani kwetu hayajui ghorofa. Theluji ikishashika, moto huwashwa chumba kimoja tu, wote mnahamia humo, mnakula humo, mnanuniana humo, na mlango unatiwa komeo ili joto lisitoroke.

Mwaka huo Asen alikuwa Ugiriki, akiwajengea watu nyumba. Dada yake naye alimfuata huko kwenda kuosha vyombo hotelini, akamwachia Stamena binti yake, Nevena. Basi wakawa watatu mle chumbani: bibi, mjukuu, na Radostina na vitabu vyake.

Alikuwa anasomea ustawi wa jamii, masomo yale ya kusoma nyumbani na kwenda mjini Plovdiv kufanya mtihani majira ya kuchipua. Stamena hakumkataza. "Soma, mwanangu, mradi supu isiungue," alimwambia, na ahadi ya kumwacha aende akampa mbele ya majirani. Somo la mwaka huo lilikuwa makuzi ya mtoto na mazingira anamolelewa. Radostina alisoma jinsi mtoto anavyojifunza kusimama, kisha akainua macho akamwona Nevena.

Nevena alikuwa amepita mwaka na nusu na hajatambaa, sembuse kutembea. Kutwa yu pajani mwa bibi yake. Bibi akiinuka kukoroga sufuria, mtoto hukalishwa kitandani na kufungwa kiunoni mshipi mpana wa sufu, ncha ya pili kwenye nguzo ya kitanda. Hakulia. Alimtazama paka akienda uvunguni na kurudi, basi.

Wala msimdhanie Stamena mtu mkatili. Asen mwanawe, umri kama huo, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiko la chuma akaliwekea kiganja. Vidole vikapona vimeshikana. Watoto wa shule wakamwita Bata, na jina hilo Stamena alilisikia likipigiwa kelele nje ya ua wake miaka na miaka. Jiko lilikuwa lilelile. Aliapa halitamla mwingine.

Siku moja Zorka, muuguzi wa zahanati, akaja kuwaona, akapiga buti zake kizingitini kuondoa theluji.

"Haya, mrembo wangu anacheza ngoma?" akauliza. Alipoona mshipi, kicheko kikamkauka. "Mama Stamena, bado?"

"Bado. Ana pingu miguuni. Jicho la watu hilo."

"Jicho la watu mimi sina dawa yake. Lakini kamati ya madaktari inakaa kabla ya Pasaka, na asiyetembea wanamwandika punguani. Mama yake hayupo, baba hajulikani. Watampeleka lile jumba la ng'ambo ya mlima. Unalijua."

Stamena alilijua. Kila mtu alilijua. Watoto waliingia pale wakiwa wadogo, na waliotoka walitoka wakiwa wakubwa wasiojua kumwangalia mtu usoni. Zorka alipoondoka, bibi alikaza mikono yake kumzunguka mtoto kama kwamba kamati iko mlangoni tayari.

"Mama," Radostina akaanza polepole, "mtoto huyu hana ugonjwa. Kitabu kinasema hajapata sakafu tu. Tumweke chini..."

"Kitabu kimelea wangapi?"

"Mama, nasema tu kwamba..."

"Na wewe umelea wangapi?"

Radostina alikuwa ameolewa miaka kadhaa na hajashika mimba. Akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nje palikuwa peupe hadi bondeni. Angekwenda wapi? Juu kulikuwa na barafu ndani ya vyombo. Kumwendea Zorka na kumshitaki mavyaa wake ni kuiita kamati kwa mkono wake mwenyewe. Akaendelea kusoma yale ambayo hakuruhusiwa kuyatenda, na mtoto, hatua chache kutoka kwake, akiendelea kumtazama paka.

Lakini lile neno pingu halikumtoka. Kwetu mtoto aliyechelewa kutembea hufungwa miguu kwa uzi mwekundu, kisha uzi hukatwa kwa kisu, na pingu asizoziona mtu hukatika nao. Kila kijiji kina namna yake, na namna ya kijiji kingine hakuna anayethubutu kuibishia. Siku iliyofuata, akimenya viazi, Radostina akasema kama mtu anayejisemea:

"Kwetu Shiroka uzi haukatwi hivihivi."

Stamena akageuza sikio. "Unakatwaje?"

"Mtoto anakuwa miguu mitupu, sakafuni. Uzi ukikatwa unaachwa palepale, na mtoto naye anaachwa palepale, kila siku toka chai ya asubuhi hadi taa, mpaka auendee mwenyewe kwa miguu yake na kuuokota. Akipakatwa mchana, pingu zinarudi."

Hapakuwa na kitu kama hicho Shiroka. Alikitunga pale pale, ganda la kiazi mkononi.

"Huko kwenu mna mambo!" Stamena akasema. Akaligeukia jiko. "Na jiko?"

"Jiko nitalizungushia makasha ya kuni, mama. Kiganja hakitafika."

Kisu alikishika Stamena mwenyewe. Uzi ukakatika, mshipi ukafunguliwa, na Nevena akakaa sakafuni kama gunia, akalia kwa mara ya kwanza tangu vuli. Bibi akajifunga mikono kwenye aproni yake asije akamnyanyua. "Anateseka, Radostina!" "Anaijua sakafu, mama." Baadaye Nevena akatambaa kumfuata paka. Siku nyingine akajivuta juu kwa kasha la kuni, akasimama, akaanguka, akasimama. Uzi ulipookotwa, kamati ilikuwa bado haijakaa.

Stamena alikanda mkate wa duara wa hatua za kwanza, akawaita majirani. Hatua chache mbele ya mtoto vikapangwa vitu achague, atakachokishika kiwe ndiyo kazi yake ukubwani: mkasi, upawa, sindano, kitana. Radostina akaweka kitabu chake. Stamena akakiondoa.

"Mwanamke mmoja wa vitabu anatosha nyumba hii," akasema, na majirani wakacheka.

Mkate ukaviringishwa. Nevena akaufuata, akaupita, akapita mkasi, akapita upawa, akafika mlangoni, akaanza kuupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Zorka alipiga makofi. "Huyu kamati haimpati!" Na kweli haikumpata.

Theluji ikayeyuka. Radostina akashusha sanduku lake na kulisimamisha mlangoni, basi la Plovdiv lilikuwa la asubuhi.

"Unakwenda wapi?" Stamena akauliza.

"Mtihani, mama. Uliahidi mbele za watu."

"Niliahidi nilipokuwa na mtoto wa kukaa. Huyu hakai." Akajipigapiga goti lake lililovimba. "Nitamkimbiza na mguu gani? Nikimwacha aende kwenye jiko? Au nimfunge tena mshipi, wewe urudi umkute kitandani? Sema. Wewe ndiye uliyemkata pingu, wewe ndiye wa kumkimbilia."

Radostina akamtazama mtoto. Nevena alikuwa amekwisha kulivuta kasha moja kutoka mahali pake. Akaenda akalirudisha. Huko chini basi likapiga honi, likanguruma, likaondoka.

"Mwakani nitakwenda," akasema.

"Mwakani," Stamena akajibu, akitia komeo, "atakuwa anapanda ngazi."