Mama Bomba, fundi wa vitanda anayekaza magari ya spoti

Saa mbili na robo asubuhi, gurudumu moja la mbele la gari jekundu limepandishwa juu ya gogo, na mlango wa dereva unakataa kufungwa. Mwenye gari anausukuma mara ya kwanza, mara ya pili, kisha anautazama kana kwamba umemtukana.

"Usiupige, hauna kosa," mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu anamwambia, huku amechuchumaa kukagua mwanya kati ya mlango na bodi. "Gari lako limelegea. Ukiliinua mguu mmoja, mwili mzima unapinda. Ndiyo maana kwenye kona linakutia wasiwasi."

Mtaani wanamwita Mama Bomba. Ana miaka arobaini na sita, mabega mapana na kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Wageni wanadhani nimepewa jina hilo kwa urembo," anasema. "Nawaacha waendelee kudhani hivyo hivyo."

Jina limetokana na kazi. Mama Bomba hutengeneza na kufunga mabomba ya chuma yanayovuka juu ya injini, kutoka pale shokapu ya kushoto inapojishikiza kwenye bodi hadi pale inapojishikiza ya kulia. Gari la spoti likishavuka miaka ishirini au thelathini, bodi huchoka. Kila kona, vile vichwa viwili vya shokapu husogeleana na kuachana. Ni milimita chache tu, lakini dereva huzisikia mikononi. Bomba huvishika visicheze.

Karakana yake ni banda la mabati lenye kuta tatu, nyuma ya duka la rangi. Mabomba yamening'inizwa ukutani kwa kufuata urefu. Pembeni yake kuna kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna anayeitoa, kwa sababu imeziba tundu. Kazi ya kupaka rangi na kupokea wateja ni ya wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mwepesi anayejitambulisha kwa kila mgeni kuwa "meneja, mhasibu na mlinzi."

Mama Bomba hakuanzia kwenye magari. Alimaliza darasa la saba, akaingia kwenye karakana ya mjomba wake, na kwa miaka kumi na mitano akachomelea vitanda vya hospitali na madawati ya shule.

"Dawati linateswa kuliko gari lolote la mashindano," anasema. "Wanne wanalikalia, wa tano anasimama juu yake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chuma kinene peke yake hakizuii kitu kucheza. Kinachozuia ni namna ulivyounganisha pembe."

Mjomba alipostaafu, yeye akafungua banda lake na kuendelea na mageti na vitanda. Miaka kumi na moja iliyopita, mteja mmoja alimletea bomba la gari lililopasuka ili alichomelee. Mama Bomba akauliza linafanya kazi gani. Mteja akacheka. "Mama, wewe chomelea tu."

Alichomelea, lakini hakumwachia mtu huyo aondoke hivi hivi. Alimtaka amzungushe kwenye gari mara mbili, mara ya kwanza bila bomba na mara ya pili likiwa limefungwa.

"Nilirudi nimeng'ang'ania kiti kwa mikono miwili," anakumbuka, "lakini nilikuwa nimeelewa. Ni dawati lile lile, sema hili lina injini."

Bomba la kwanza alilolitengeneza mwenyewe lilimtoa kijasho. Alilifunga gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, akakaza nati zote akiwa na furaha tele. Gari liliposhushwa, uzito ukarudi kwenye shokapu, na vile vichwa viwili vikataka kurudi mahali pake huku bomba likiwa limevizuia. Usukani ukaanza kuvuta upande mmoja.

"Niliingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka nikalifungua lote," anasema. "Tangu siku hiyo gari linasimama kwa miguu yake yote minne, mahali palipo sawa, nalisukuma mbele na nyuma litulie. Ndipo nashika spana."

Kazi ikashika kasi. Wenye magari ya zamani wana chama chao, hukutana Jumamosi na kupandisha mlima kwa zamu, na sifa za fundi husambaa huko haraka kuliko tangazo lolote. Ilifika mahali akawa anafunga magari sita au saba kwa mwezi.

Kisha, mwaka jana, akaja Mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mrefu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alikuwa amelitamani gari la aina hiyo tangu ujana wake, jeupe, la milango miwili, na alilipata akiwa na miaka sitini na tatu. Alifika na boksi mkononi. Ndani yake mlikuwa na bomba jipya la dukani, linang'aa kama kioo.

"Nahitaji lifungwe leo," alisema. "Jumamosi tunapanda mlima."

Mama Bomba alifunua boneti, akagonga kwa mpini wa bisibisi pale shokapu zinapojishikiza, kushoto kisha kulia. Upande wa kushoto ulilia. Wa kulia ukajibu kwa sauti ya kufa. Akatoa sumaku mfukoni, akaibandika. Ikaanguka.

"Mwalimu, hapa sifungi kitu."

"Kwa nini?"

"Chini ya rangi hii hakuna chuma. Kutu imekila, mtu akajaza puti akapaka rangi juu."

"Mimi nimekuja kufungiwa bomba, sikuja kufanyiwa uchunguzi."

"Nikilifunga litakaza, hilo silikatai. Lakini litakaza kwenye nini?"

Mwalimu alifunga boneti mwenyewe, kwa nguvu. Alipata gereji nyingine siku hiyo hiyo, bomba likafungwa kwa saa moja. Jumamosi, mbele ya wenzake, akatangaza kwamba Mama Bomba ni mwoga, fundi wa vitanda aliyejipachika kwenye mambo asiyoyajua.

Maneno yalifika karakana kabla ya jua kutua. Mwezi uliofuata yalikuja magari mawili. Mwezi wa baada ya huo likaja moja, nalo lilitaka kuchomelewa bomba la moshi tu.

"Nilimwambia, wifi, ungemfungia tu," anasimulia wifi yake bila kuficha. "Si alitaka mwenyewe? Angekula hasara yake."

"Na kama angekuwa amempakia mkewe?" Mama Bomba alimuuliza siku hiyo.

Wifi akachukua brashi yake ya rangi. Wakarudi kwenye madirisha na mageti. Mama Bomba anakiri kwamba kuna siku alisimama mbele ya ukuta wa mabomba yake akajiuliza kama alikuwa amezidisha. Labda puti ilikuwa nyembamba kuliko alivyofikiri. Labda chuma kilikuwepo, chini kidogo.

"Lakini sumaku ilianguka," anasema. "Kila nilipotaka kujilaumu, nakumbuka mlio wake sakafuni. Ningedanganya nini tena?"

Wiki ya tisa, lori dogo lilirudi nyuma taratibu hadi mlangoni, limebeba gari jeupe. Mwalimu akashuka upande wa abiria. Hakusalimia. Alifunua boneti, akarudi hatua mbili nyuma, akaweka mikono mgongoni.

Bomba la dukani lilikuwa zima, linang'aa vile vile. Kilichoachia ni bodi. Upande wa kulia bati lilikuwa limechanika kuzunguka bolti zote, na kichwa cha shokapu kimesukumwa juu. Ilitokea kwenye kona ya kawaida, mwendo wa kawaida. Mwalimu alisikia kishindo kama sufuria lililoanguka, usukani ukawa mzito, akafanikiwa kusimama hatua tatu kutoka mtaroni. Mkewe alikuwa pembeni yake. Hakuna aliyeumia.

"Nimeleta kazi ya nyumbani," Mwalimu alisema hatimaye, akitazama chini. "Ile niliyopewa nikakataa kuifanya."

Wifi alikuwa ameshafungua mdomo. Mama Bomba akamshika mkono.

"Maneno niliyokuwa nimeyatunza kwa wiki tisa yalikuwa mengi," anasema leo. "Lakini niliyameza. Nikamwambia, Mwalimu, shikamoo. Mkeo yuko salama? Haya, tuliingize gari kivulini."

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Alikata kutu yote hadi akafika kwenye chuma kinachong'aa, akafinyanga bati jipya, akavuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona kupima kama bodi iko sawa. Uzi mmoja ulizidi mwenzake kwa milimita sita. Akaivuta bodi hadi nyuzi zikalingana. Alichomelea vipande vifupi vifupi, akipumzisha chuma kisipinde kwa joto, huku Mwalimu ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akifuatilia kila kipimo.

Bomba la dukani hakulirudisha. Miisho yake ilikuwa na viungo vinavyozunguka, na kwa Mama Bomba kitu kinachozunguka hakikazi. Alitengeneza la kwake, la kipande kimoja. Juu yake akabandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto, akafunga boneti na kuifungua tena, aone boneti imeubonyeza udongo kiasi gani na kama italigusa bomba. Ulibaki unene wa kidole. Hapo akakaza nati.

Walipanda mlima wawili, Mwalimu kwenye usukani. Kona ya kwanza alipunguza mno. Ya pili kidogo. Ya tatu akaiingia kama inavyopaswa.

"Limeacha kunung'unika," alisema.

"Halikuwa linanung'unika," Mama Bomba akamjibu. "Lilikuwa linakuita."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya chama, akasema alimsingizia fundi, akaeleza ilivyokuwa, na ile sehemu ya mkewe hakuiruka. Simu zikaanza kulia. Mwezi uliopita karakana ilifunga magari tisa, na gari jekundu la asubuhi hii ni la tatu wiki hii.

Ila kulikuwa na jambo jingine. Gari lililochomelewa sehemu kama ile lazima likaguliwe, na fomu isainiwe na mchomeleaji mwenye cheti. Mama Bomba hana. Kwa miaka yote hiyo, kazi zake za namna hiyo zimesainiwa na fundi mwingine, mwanaume mmoja anayekuja na viatu safi, anaangalia dakika tano, anachukua chake na kuondoka.

Mwalimu alimshuhudia akisaini fomu ya gari lake.

"Huyu ndiye aliyechomelea?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa kwa nini anasaini?"

Mama Bomba akamweleza. Miaka minne iliyopita alifanya mtihani wa cheti. Wa vitendo alipata alama za juu kuliko wote chumbani. Wa kuandika ulimwangusha.

"Nini kilikushinda?"

"Hesabu."

Mwalimu, anasimulia wifi, alinyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa jina lake.

Sasa kila Jumatano, saa kumi jioni, ubao ni bati jeusi lililoegemezwa ukutani, na Mwalimu anaandika kwa chaki. Pembe, urefu, sehemu za duara. Mtihani umebaki wiki saba.

"Hesabu anazijua," Mwalimu anasema. "Anazifanya kwa uzi kila siku. Mimi namfundisha tu namna ya kuziandika."

Mama Bomba anataka zaidi ya cheti kimoja. Kuna wanawake wawili wanaochomelea mageti barabara ya pili, nao hawana karatasi. Akifaulu, anataka kuwaingiza karakanani, kisha ubao huo huo uwafikishe kwenye chumba cha mtihani.

"Na ukianguka tena?" anaulizwa.

"Nitaufanya tena. Wao ndio watakaochoka kuniona."

Leo, gari jekundu likiwa limeshaondoka, amechukua kipande cha chaki na kuandika sahihi yake kwenye kona ya bati, ndefu, yenye mikunjo na mkia. Wifi anaichungulia juu ya bega lake.

"Wifi, hiyo haienei kwenye fomu. Itabidi waongeze ukurasa."

Mama Bomba anacheka, anaifuta kwa kiganja, anaandika nyingine, mistari miwili na mkato mmoja.

"Hii," anasema. "Hii naiandika hata mikono ikiwa na grisi."