Sikio la Mwenye Saluni

Mdogo wangu wa mwisho ni kinyozi. Miaka thelathini ananyoa watu, na mkono wake haujawahi kutetemeka ila akitazamwa. Akitazamwa, moyo unamwenda mbio, tumbo linamsokota, viganja vinatoa jasho mpaka povu la kunyolea linaongezeka lenyewe kikombeni. Sitii chumvi. Kikombe nimekiona.

Mwaka huu saluni ilipata mmiliki mpya, mtu wa kukodoa macho. Siku ya kwanza tu alimsimamia mdogo wangu, mteja akatoka na plasta nne. Mwenye saluni akasema Jumamosi ataketi yeye mwenyewe anyolewe ndevu. Likitoka tone moja la damu, mdogo wangu arudishe wembe, ashike ufagio.

Huyo, mbio hospitali. Daktari, binti mpole, alimkalisha mbele ya watu watatu wenye makoti meupe, wasiocheka, akamwambia ahesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka elfu moja, akipunguza kumi na tatu kila mara. Mashine ya kupimia moyo ilitema karatasi hadi mlangoni. Kisha akambana sikio la kushoto kwa kibanio chenye waya. Alimweleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unafika moyoni na tumboni. Huo ndio breki ya mwili. Kitawi chake kimoja kimejitokeza sikioni, na umeme kidogo unakipigia hodi. Mdogo wangu akahesabu tena. Hesabu zilikuwa mbovu vilevile, ila karatasi iliishia mezani. Wakamwazima mashine ya kibanio, ndogo ya kuingia mfukoni, wiki moja, aivae nusu saa kabla ya kazi.

Jumamosi mwenye saluni akawahi, mdogo wangu hajavaa kibanio. Akaketi, akamkazia macho kwenye kioo. Mkono ukaanza. Mdogo wangu akaiwasha mashine mfukoni, akachomoa kibanio haraka haraka. Sasa, mtu aliyenyoa miaka thelathini, chochote kikimfika mkononi kinaenda kwenye kichwa kilicho kitini: taulo, brashi, kitana. Kibanio nacho kikaenda huko huko, sikio la kushoto la mwenye saluni.

"Hiki nini tena?"

"Cha kulainisha ndevu, bosi," alijibu mdogo wangu. Kosa alikwisha kuliona, aliona haya kukivua.

Mwenye saluni akashusha pumzi. Mabega yakafuata, kisha kope. Akakoroma hadi vitana vikasogea kwenye rafu. Macho yamefumba, hakuna anayetazama, basi mkono ukatulia kama wa mtu anayepaka mkate siagi.

Alipoamka alijipapasa kidevu, akaitafuta damu kwenye taulo, akaikosa.

"Wembe baki nao," alisema. "Jumamosi ijayo uninyoe tena. Tangu ninunue saluni hii sijalala."

Jumatatu mdogo wangu alirudisha mashine. Daktari akamuuliza alihisi nini sikioni.

"Mimi? Hakuna."

Daktari akaandika kwa muda mrefu. Mdogo wangu akamngoja amalize, halafu akaomba aazimwe wiki moja zaidi, maana kuna mgonjwa ameshaweka miadi ya Jumamosi.