Jiwe Lililogeuzwa Ukutani

Shangazi yangu anachonga maandishi kwenye mawe ya makaburi, na wateja wengi wanataka Kiingereza, ambacho yeye hakijui vizuri. Jiwe halina kufuta. Zamani mkaguzi alikuwa marehemu mumewe, mwalimu. Shangazi alimsomea sentensi kwa sauti, na ikiwa na kasoro mwalimu alikohoa.

Mwalimu amefariki, huu mwaka wa tatu. Kiti chake kipo palepale karakanani, kalamu nyekundu juu yake, na Shangazi bado anakisomea kila sentensi. Akimaliza ananyamaza, patasi mkononi, anasikiliza. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilijikuta nami nimetega sikio.

Jumatatu nimetoka shule, nikamkuta mshonaji mmoja aliyefiwa na binti yake kwenye ajali, amekuja na shemeji yake, karani. Mama alitoa karatasi. Alikuwa amenakili ujumbe wa mwisho wa binti: *Mum, I have remained small to reach.*

"Shemeji, hiyo itatuaibisha," karani alisema. "Kila atakayepita makaburini atacheka."

"Acheke! Mwanangu ndivyo alivyoniandikia. Nami nikaanza kupasha chakula."

Shangazi alinigeukia. "Haya msomi, kagua. Ndivyo Waingereza wenyewe wanavyoandika?"

Nilipekua kamusi, nikatafuta na kwenye simu. Hakuna aliyeandika hivyo popote. Kilikuwa Kiswahili chetu cha kila siku, *nimebakiza kidogo kufika*, kimevalishwa shati la Kiingereza.

"Hapana, Shangazi. Wangeandika *I am nearly home.*"

"Si mnaona! Mtoto kamaliza kazi!" Karani alipiga meza kwa furaha.

Mshonaji aliitazama sentensi yangu kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni nyumbani kwake mwenyewe. "Na huyu ni nani?" aliuliza. "Huyu anayesema hivi, ni nani?"

Patasi ilimponyoka Shangazi.

Nyuma ya karakana kuna jiwe lililogeuzwa ukutani, ambalo mimi nimekatazwa hata kuliegemea. Aliliendea, akaligeuza mbele yetu. Kiingereza chake kilikuwa safi, hakina hata doa.

"Huyu alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa," alisema. "Mama yake alileta maneno ya mwanawe mwenyewe. Mwalimu akakohoa, tukayanyoosha. Siku ya kulichukua jiwe, yule mama alilisoma, akaniuliza neno kwa neno kama ulivyouliza wewe, dada yangu. Akaondoka. Hajarudi mpaka leo."

Alifuta vumbi usoni mwa jiwe kwa kiganja. "Mnadhani huwa nakisomea kiti ili nijue makosa? Namwuliza mwalimu, yule mama akirudi nimwambie nini."

Karani alivua kofia.

Shangazi aliokota patasi, akasimama mbele ya kiti, akaisoma sentensi ya binti polepole, kama ilivyo. Tukangoja. Nje baiskeli ilipita. Halafu, na hili sitalikana hata mkiniapisha, kutoka kwenye kile kiti kitupu nilisikia kikohozi kidogo, kile cha mtu anayeziba mdomo kwa adabu.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa amesikia.

"Leo kohoa tu, mume wangu," alisema, akainamia jiwe jipya, akagonga mguu wa kwanza wa herufi M.