Umeme umefika Songo, friji haikuwaka

Umeme umefika kwenye basi la Mama Furaha, lakini hauwezi kuendesha friji yake ya samaki. Amesema fundi Bahati, sasa hivi.

Ziwa lilifurika, likachukua nyumba yake. Mama na wanawe wanaishi ndani ya basi bovu, mbali na nguzo ya umeme.

Majirani walichanga vipande vya waya, kama mchango wa harusi. Vikaungwa, vyembamba kwa vinene, toka nguzo hadi basi.

Taa iliwaka. Vigelegele!

Friji ikaguna, ikazimika.

"Umeme iko inafika, Mama, lakini imechoka ku njia," fundi akasema.

"Weye unasema imechoka? Miye je?" Mama akamjibu.

Tulicheka. Yeye hakucheka, samaki walishaanza kunuka.

Viungo vya waya vilipata moto, fundi akakata umeme.

Mwenye waya mnene, mzima, aandike hapa. Vinginevyo, Jumatatu kila jirani anachukua kipande chake.