Bi Nani-Kaona

Mtaani kwetu watu walidhani mke wangu ni karani wa jeshi, wa kugonga mihuri, na mimi kwa uvivu wa kueleza nikawaacha. Leo sinyamazi. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu kutwa una pini, lakini hili nitalisema hata zikinichoma.

Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwenye chumba cha operesheni, pale kamanda anapokaa kutazama mapigano yote kwa pamoja. Zamani kulikuwa na meza, ramani iliyofunikwa plastiki, na kalamu za rangi mbili: bluu askari wetu, nyekundu adui. Kikosi kilichoko porini kinaita kwenye redio, mmoja anapokea, mwingine anaandika, wa tatu anapeleka mezani, na mke wangu anachora kitone. Mpaka kitone kikauke, saa nzima imeshapita. Na yeye alikuwa na tabia iliyowachosha watu: hachori mpaka aulize, "Nani kaona? Saa ngapi?" Ukimjibu "wamesema," anaweka kalamu chini. Maafisa wakambandika jina, Bi Nani-Kaona. Hata nyumbani nimeteseka. Nikimwambia mtoto ameshakula, anauliza nani kaona.

Basi ikaja mashine. Ukutani pakafungwa skrini pana kama mlango wa karakana. Picha za droni, ripoti za redio, mahali kilipo kila kikosi, vyote vinaingia humo papo hapo, na akili bandia inavipanga na kumwambia kamanda: pale pana adui, hapa pana mizinga yetu, ukiamua sasa itapiga baada ya dakika nne. Mke wangu alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wenzake wa rika lake waliomba kuhamishiwa ghalani. Yeye alinunua daftari, akawa anajisomea mezani kwangu katikati ya mabaki ya vitambaa, na luteni mmoja kijana, aliyeletwa kusimamia kompyuta hizo, alimwuliza maswali mpaka kijana wa watu akaanza kumkwepa. Miezi mitatu haikuisha, akawa anaiendesha vizuri kuliko vijana wenyewe. Ng'ombe hazeeki maini, jamani. Na aliipenda. "Fundi," aliniambia, "kitu hiki kingekuwapo nilipokuwa koplo, kuna watu tungekuwa nao leo."

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa nne na dakika chache asubuhi. Droni iliona watu tisa wakishuka bondeni chini ya miti, silaha mgongoni. Eneo lile tulikuwa na askari tisa wa doria, lakini wao skrini iliwaonyesha juu ya kilima, bluu tupu, ripoti ya saa nne kamili. Mashine ikafanya hesabu yake: wetu wako kilimani, kwa hiyo hawa wa bondeni si wetu. Vitone tisa vikawa vyekundu. Mizinga ikaelekezwa, ikabaki neno la kanali, kamanda wao.

Mke wangu akasimama. "Afande, hao wetu wa kilimani, nani kawaona?"

Luteni akacheka kidogo. "Sajini, ripoti ina dakika saba tu. Siku hizi haraka ndiyo baraka."

Mke wangu akafungua ripoti za doria ile, na hapo niisifu mashine, maana zilitokea zote kwa kugusa mara moja. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili, saa tatu, saa nne. Namba za mahali zilikuwa zilezile mpaka tarakimu ya mwisho, na maneno yaleyale: hakuna mabadiliko. Sasa, mtu hata akikaa kitako, kile kifaa chake cha kuonyesha mahali alipo, namba za mwisho huchezacheza. Hizi zilikuwa zimelala kama maiti.

Na alijua kwa nini, kwa sababu dhambi hiyo aliifanya mwenyewe ujanani. Watu wa redio hupika ripoti. Mkuu akitaka ripoti kila saa, na wewe una njaa na usingizi, unaziandika tano kwa mpigo asubuhi ili usifokewe. Enzi za kalamu haikuua mtu, kila aliyekuwa mezani alijua habari imeshachacha. Siku hizi kifaa kinakuruhusu kuzipanga zijitume zenyewe kwa saa. Mashine haijawahi kuwa koplo mwenye usingizi. Iliamini.

"Afande," akasema, "naomba dakika mbili niwaite kwa redio."

Kanali alijua kwamba kama ni adui, dakika mbili zinatosha kumpoteza. Akasema, "Mbili, Sajini. Ya tatu sina."

Akaita. Akaita tena. Luteni alikuwa anahesabu sekunde kwa midomo. Mara ya tatu ikaja sauti ya kunong'ona: "Tuko bondeni. Maji yalituishia."

"Simamisha," kanali akasema, na vitone tisa vikageuka bluu.

Haya yote mimi nimeyasikia mwaka huu, kwenye sherehe ya kumuaga, kanali akiyasema mbele ya kikosi kizima. Siku ile mke wangu alirudi nyumbani, akavua buti, akalala jioni mapema, na mimi nikanuna kwa sababu mboga hazijakatwa. Najionea aibu mpaka leo. Siku hizi kwenye mashine ile kila kitone cha bluu kina swali pembeni, nani kaona, saa ngapi, na mtu asipojibu kwa sauti yake kinageuka kijivu na mizinga haisogei. Swali la mke wangu. Nasema hivi kwa majivuno na sitaki samahani.

Juma lililopita askari mmoja aliingia kibandani kwangu na suruali mkononi, anataka ipunguzwe. Akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Mzee, mimi ndiye nilikuwa na redio. Zile ripoti nilizipanga mimi."

Wanaonijua wanajua mdomo wangu. Maneno ya kumpa nilikuwa nimeyaweka tangu siku ya sherehe. Nikavuta futi, nikampima. Kiuno, paja, mguu. Alikuwa na joto, alikuwa anapumua, shingoni alikuwa na upele wa wembe. Nikaandika vipimo kwenye daftari, na chini yake, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikaandika: saa tano na robo, nimemwona mimi.