Kamati ya Intavyuu Yangu

Kwetu hakuna jambo linalokwenda bila kamati. Mtu akioa, kamati. Akifa, kamati. Akipata mtoto, kamati, ingawa mtoto mwenyewe keshazaliwa na hana ajenda yoyote zaidi ya kunyonya. Kwa hiyo nilipoandikiwa kwamba mzee mmoja aliyesoma zamani kwenye chuo nilichoomba angependa tukutane anifanyie intavyuu kwa niaba ya chuo, kosa langu lilikuwa kumwambia mama. Ningesema naenda kununua soksi. Kabla sijamaliza kula, grupu lilikuwa limeshafunguliwa kwenye simu, lina picha ya kofia ya mahafali, na mjomba wangu wa Beltsville, mji wa jirani huku ughaibuni, keshajiteua mwenyekiti.

"Na mimi nina cheo gani?" nikauliza.

"Wewe siyo mjumbe," mama akasema. "Wewe ndiye jambo lenyewe."

Katibu alikuwa anti yetu wa Temple Hills, Mkenya anayefanya kazi moja na mama: wote wawili huenda majumbani kuhudumia wazee wa watu. Baba hakuwa kwenye kamati kwa sababu ni dereva wa lori na mtandao humkatikia kila akiingia milimani, ambako nadhani huingia kwa makusudi.

Tulikaa vikao Jumapili nne mfululizo, sebuleni kwetu, baada ya kanisa. Mjomba hufungua kwa sala, halafu katibu husoma kumbukumbu za kikao kilichopita, halafu yatokanayo, halafu mimi. Nilikaa kwenye kochi la watu watatu peke yangu kama bibi harusi aliyekimbiwa. Kusema kweli nilikuwa nimechoka kabla hatujaanza. Nilikuwa na mitihani, nilikuwa na insha za vyuo vingine vinane ambavyo kamati ilinichagulia, na sasa nilikuwa na watu wazima watatu wanaobishana macho yangu yaelekee wapi.

"Usimkazie macho mtu mzima," mjomba alisema. "Utazame chini kidogo. Adabu."

"Ai, mwenyekiti, hapana!" anti akaruka. "Hapa ukiangalia chini wanafikiria umeiba kitu. Mwangalie kabisa, mpaka yeye ndiye aone haya."

Suala lilijadiliwa kwa kirefu. Likapitishwa azimio kwamba nimtazame kwenye paji la uso. Nikafanya mazoezi kwa mjomba, ambaye Mungu amemjalia paji lenye nafasi ya kutosha.

Kisha nikaambiwa nijieleze. Nikaanza: mimi ni nahodha wa timu ya mdahalo shuleni, nimeshinda hiki, nimeongoza kile. Mjomba akakunja uso.

"Mbona anajisifu?"

"Si ndiyo kazi!" anti akasema. "Jiuze, mtoto. Unataka nani akuuze?"

"Kwetu hauzwi mtu," mama akasema, na hapo nikasema kwa mwendo huu tutakapofika sokoni wateja watakuwa wameshaondoka. Hakuna aliyecheka. Kamati haicheki. Katibu aliandika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumapili ya tatu, swali la tisa. Anti alikuwa na orodha ya maswali aliyopewa na mama mwingine wa kanisani ambaye mwanawe amepita. Akavaa miwani, akasoma kwa Kiingereza chake cha kazini, cha taratibu, kile anachotumia kumwambia mzee ameze dawa: alama zako za mwaka wa kumi na moja zilishuka. Eleza.

Feni ya dari ikazunguka. Mama akachukua vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu pale sebuleni hakukuwa na aliyehitaji maelezo. Bibi yangu, mama yake mama na mama yake mjomba, alikuja kututembelea kutoka Tanzania. Alikuja kwa viza ya matembezi, na akiwa hapa akapigwa na kiharusi upande mmoja. Hospitali walimtibu, wakaturudishia. Mgeni wa matembezi hana bima, na asiye na bima hana makao ya wazee ya kwenda. Mama alikuwa anaingia kazini saa tisa mchana. Mimi nilikuwa natoka shule saa nane na nusu. Hesabu ikajifanya yenyewe, hakuna aliyeitisha kikao. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijua katika ukoo wetu ambalo halikuundiwa kamati.

Nilijifunza kumgeuza, kumwogesha, kumbadilisha, kumlisha uji kwa upande ule wa mdomo unaomeza. Bibi alikuwa na ulimi mzito lakini utani haukumtoka. Kwa bibi, mjukuu wa kike ni mke mwenza, na hakuniachia hata siku moja.

"Mke mwenzangu," ananiambia nikiwa nimeinama na beseni, "umenikuta na mume, sasa unaniosha ili unizike haraka umpate peke yako?"

"Babu alishakufa, bibi."

"Kumbe ulimmaliza wewe!"

Basi tunacheka, na kazi inakwenda. Mtu akikutania hivyo huwezi kumwonea kinyaa, wala yeye hawezi kukuonea haya. Lakini alihitaji kugeuzwa saa zote, hata usiku, na kemia yangu ilikuwa kipindi cha kwanza asubuhi. Nililala maabara na miwani ya kinga usoni, nikaamka na alama ya duara kwenye kila jicho na C kwenye karatasi. Historia C. Hesabu, tusiizungumzie hesabu. Bibi alipopata nafuu ya kuweza kukaa kwenye kiti, mjomba alisafiri naye akamrudisha nyumbani, na mimi nikaanza tena kupata A kana kwamba mtu kawasha taa. Lakini zile C zilibaki pale kwenye cheti. Mshauri wa shule aliniambia waziwazi: ukikaa kimya, anayesoma ataona mvivu. Na huyo mzee ndiye mtu pekee wa chuo atakayekuona uso wako. Chuo chenyewe ndicho kimoja tu nilichokichagua mimi, kati ya tisa.

Kwa hiyo Jumapili ile nikajibu swali la tisa kama lilivyo. Nikasema nilikuwa namtunza bibi.

"Hilo halitoki nje," mama akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na vile vikombe.

"Lakini ndiyo sababu, mama."

"Utasemaje? Mama yangu alikuwa anakwenda kuwaogesha wazee wa watu Bethesda, mama yake mwenyewe anaogeshwa na mtoto? Utamwambia hivyo Mzungu wa watu? Anyanyue simu?"

"Amwite nani?"

"Wewe hujui huku wanamwita nani. Huku watoto huchukuliwa na serikali."

Nilimtazama mjomba. Yule alikuwa mama yake pia. Katika muda wote ule alikuwa anakuja Jumapili na zabibu, anakaa nusu saa, anasali, anaondoka. Sasa alikuwa anasoma ajenda kana kwamba imeandikwa kwa maandishi madogo. Anti, ambaye husema lolote mbele ya yeyote, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena.

"Tuandike hivi," mwenyekiti akasema mwishoni. "Alipata changamoto, na akazishinda."

"Changamoto gani?" nikauliza.

"Changamoto."

Likapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, kwenye mgahawa mmoja wa kahawa College Park uliojaa wanafunzi wa chuo kikuu waliojifunika vidude vya masikioni. Mama alinipeleka akiwa kwenye sare yake ya kazi, kwa sababu angeunganisha moja kwa moja na zamu. Nilimwomba anishushe nje. Akaniangalia kama niliyemwomba anitupe mtoni. Mtoto hakabidhiwi kwa mtu asiyejulikana bila salamu. Akaingia mbele yangu, akamtafuta mzee, akampa mikono miwili huku akikunja goti. Yule mzee, aliyevaa viatu vya kukimbilia na sweta lenye kitobo, alishtuka akasimama, na kwa kutojua afanye nini akakunja goti na yeye. Walibaki hivyo kwa muda. Nilitamani sakafu imeze mmoja wetu, sikujali nani.

Mama akaenda kukaa meza ya tatu nyuma yangu na kikombe cha maji ya moto. Siyo mbali.

Mzee akaniuliza nitakunywa nini. Nikasema asante, sihitaji. Kwetu hilo ni jibu la kwanza, na mwenyeji hujua: anakusihi, unakataa kidogo, anakusihi tena, ndipo unakubali kwa shingo upande kinywaji ulichokuwa unakitamani tangu mlangoni. Mzee akasema sawa, akajinunulia chake. Nikafanya intavyuu nzima na koo kavu kama chaki.

Tulikwenda vizuri lakini. Nilimtazama kwenye paji la uso. Nilijisifu kiasi cha kumridhisha anti bila kumuua mjomba. Nilimsimulia kuhusu kamati na alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akafungua daftari lake, akaniuliza kuhusu mwaka wa kumi na moja.

"Nilipata changamoto," nikasema, "na nikazishinda."

"Changamoto gani?"

Nikasema mimi na kemia tulikosana, tukatengana kwa amani, sasa tumerudiana kwa ajili ya watoto. Akacheka. Akaandika kitu kifupi sana, neno moja au mawili, na akaanza kugeuza ukurasa.

Nakumbuka uchovu ulionishika pale. Haukuwa wa usingizi. Nilikuwa nimechoka kuwa mcheshi, nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Mgongoni nilikuwa najua mama yuko meza ya tatu, anasikia Kiingereza vizuri kuliko anavyokizungumza.

"Hapana," nikasema. "Subiri."

Nikamwambia. Nilipunguza sauti, lakini mgahawa nao ulichagua dakika ile kunyamaza. Nilimwambia kuhusu kiharusi, na saa nane na nusu, na saa tisa. Nilisema mama alifanya kila kilichowezekana, na ni kweli. Nilisema ilikuwa miezi mitatu tu. Nikasikia kiti kikivutwa nyuma yangu, halafu kengele ya mlango wa mgahawa. Sikugeuka.

Mzee alikuwa ameweka kalamu mezani. Aliuliza nilijifunza nini. Anti alikuwa ameniandalia jibu la swali hilo, lenye uvumilivu na uongozi ndani yake.

"Kumgeuza mtu bila kumvunja mgongo," nikasema. "Wake na wangu."

Hakucheka. Akachukua kalamu, na safari hii aliandika mistari mingi.

Mama alikuwa ndani ya gari, kiti amekilaza, mikono juu ya tumbo, macho ameyafumba. Niliingia nikafunga mlango polepole kama mwizi. Nilidhani amelala.

"Umesema," akasema.

"Nimesema."

Basi la wanafunzi likapita, gari likatikisika kidogo.

"Umesema miezi mitatu."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa saba."

"Najua."

"Sasa mbona umepunguza?"

Nilitafuta kichekesho. Kwa kawaida ninavyo, vimejaa. Sikukuta hata kimoja. "Nilikuwa nakufichia," nikasema.

Hakufumbua macho. Alipumua, ile pumzi anayoitoa akivua viatu vya kazini.

"Ulikuwa unaihesabu na wewe," akasema. Halikuwa swali. Kisha: "Si mlisema huyo mzee anaandikiwa barua ya shukrani?"

"Ndiyo, leo leo."

"Mwandikie saba. Mwenyekiti niachie mimi." Akavuta sweta likamfunika kidevu. "Niamshe baada ya dakika kumi, nisichelewe kwa watu."

Nikatoa simu. Nikaandika salamu, nikafuta, nikaandika tena. Nikaandika saba kwa tarakimu, ikaonekana ndogo, nikaiandika kwa herufi. Nilipomaliza, dakika kumi zilikuwa zimeshapita na mama alikuwa anakoroma kidogo, mdomo wazi. Nikamwacha dakika tano nyingine.