Bidoni Kumi na Mbili za Njano

Kila nikiona bidoni ya njano, mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo wanawake kumi na tisa walikuja kuketi mbele ya nyumba ya baba yangu, hapa hapa Kalemie, wakakataa kuondoka. Sababu yao ilikuwa mimi. Usicheke kwanza, ngoja nifike pale pa kucheka.

Nilikuwa na miaka kama ishirini na mmoja, shingo ndefu, akili fupi. Sisi vijana wa mtaa tulikuwa tumeunda komite ya kulinda ziwa. Kuna ghuba ndogo kule kwetu yenye matete, ambamo samaki huja kutaga na vitoto vyao hukulia humo humo. Watu walikuwa wakivikokota vile vitoto kwa vyandarua vya mbu, na wazee walishaanza kulalamika kwamba kuhe wa siku hizi hajazi hata kiganja. Basi tukajitolea kuilinda. Hatukulipwa kitu, na hilo tulilitaja mbele za watu mara nyingi mno.

Komite ilikuwa na watu kumi na mmoja na vyeo kumi na kimoja. Mimi nilikuwa prezida. Chini yangu walikuwapo makamu wawili, sekretere na msaidizi wake, washauri wanne, Feruzi wa protokole ambaye kazi yake ilikuwa kupanga viti, na msemaji, kijana mpole ambaye mpaka leo sijamsikia akisema. Mwanachama wa kawaida hakuwepo hata mmoja. Ndiyo maana takataka za ufukoni zilibaki palepale. Kila tulipokutana kuziokota, tulianza kwanza kuulizana kuinama ni kazi ya cheo kipi.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya wavuvi wenzake, sisi komite nyuma yake, akaomba ile ghuba ifungwe miezi mitatu ili samaki wapate kukua. Papa Riziki, aliyekuwa mkubwa wa wavuvi wa ufuko wetu, alitutazama mmoja mmoja.

"Njo hawa watachunga?" akauliza. "Hawa wa kupanga viti?"

"Mutoto yangu ataichunga," baba akajibu. "Akishindwa, municheke miye."

Wakakubaliana hivi: vijana waweke alama zinazoelea mdomoni mwa ghuba. Alama zikiwepo, hakuna kutupa wavu. Siku zitakapokosekana, ghuba iko wazi kwa kila mtu.

Tulizunguka madukani kuomba, tukapata bidoni kumi na mbili za njano, yale madumu ya lita ishirini ya mafuta ya kupikia, nzima na safi. Tukazifunga kamba na mawe, tukazipanga majini, tukapiga picha. Zilipendeza kweli. Kesho yake zilibaki saba. Siku ya tatu asubuhi hapakuwa na kitu ila maji.

Kijana mwenye akili angekaa chini akajiuliza, mwanangu. Mimi nilichukua filimbi. Tukaingia nyumba kwa nyumba, fulana zetu zimepigwa pasi, Feruzi akitangulia na kutangaza, "Muheshimiwa prezida anaingia!" Kila bidoni ya njano tuliyoikuta tuliibeba hadi uani kwetu. Nyingine zilikuwa na maji, tukayamwaga kwanza. Ilipofika saa nne tulikuwa tumezirudisha bidoni zetu zote kumi na mbili, na zilikuwa kumi na tisa. Nikamwambia sekretere aandike kwamba kazi imefanikiwa kupita matarajio.

Sasa, wiki hiyo mabomba ya mtaa yalikuwa yamekauka, na kila nyumba ilikuwa ikinywa maji ya ziwani. Wino wa sekretere ulikuwa haujakauka nilipowaona wakina mama wakiingia uani kwetu. Mbele yao alikuwa Mama Riziki, mke wa yule Papa Riziki, mkausha ndagala, hao dagaa wetu, mama ambaye hata mbuzi wa mtaa walimpisha njia. Hakupiga kelele. Alichukua bidoni moja, akailaza, akaikalia. Wenzake nao wakachukua kila mmoja ya kwake, wakakaa.

"Bwana prezida," akasema, "kwangu kuko maharagwe kwenye moto na mutoto hajaoga. Nitakaa hapa mpaka uniletee maji."

"Mama, hizi bidoni ni za komite."

"Gani? Nionyeshe yako."

Nikazitazama zote kumi na tisa. Zote njano. Nikamgeukia makamu wa kwanza, naye akamgeukia wa pili, tukaenda hivyo hivyo mpaka tukafika kwa msemaji.

"Zingine kweli tuliziokota mu maji," Mama Riziki akaendelea. "Sifichi. Bidoni nzima inaelea karibu ya matete, haina mutu, haina jina, utaiacha? Miye nilisema Mungu amenikumbuka. Nani alituambia ile njo alama?"

"Tulitangaza kwenye mkutano, Mama."

"Mukutano ya wavuvi! Miye niko muvuvi? Nani anaingia mu ile ghuba kila asubuhi? Nani anateka maji, nani anafua, nani analoweka mihogo? Na vile vyandarua, nani anavivuta? Njo siye! Mulifunga nyumba, hamukuambia wenye kulala ndani."

Wakati huo huo mjumbe wa wavuvi akaingia na habari kwamba alama hazipo, kwa hiyo kesho saa sita mchana mitumbwi itaingia ghubani. Baba alikuwa mlangoni, akasikia yote. Hakunigombeza, na ningependa sana angenigombeza. Aliwaambia tu wale wakina mama, "Munisamehe, wamama," kama kwamba yeye ndiye aliyeingia majumbani mwao na filimbi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Na jioni ile hakugusa chakula.

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya jioni niliivua ile filimbi, nikabeba bidoni ya Mama Riziki kichwani, nikaenda kuteka. Komite nzima ikanifuata. Prezida, makamu, washauri, wote tukipandisha maji mtaani huku watoto wakituzomea. Feruzi alibeba mbili na safari hii hakumtangaza mtu. Tulipomaliza ya kumi na tisa, Mama Riziki alikuwa bado amekaa pale uani, sasa chini.

"Munataka kweli ile samaki ikomae?" akauliza.

"Kweli, Mama."

"Basi bidoni nzima musiweke tena. Hata miye nitaichukua. Kila nyumba iko na ile iliyopasuka, imelala nyuma ya jiko. Weka hiyo."

"Iliyopasuka itazama, Mama," nikasema, maana uprezida ulikuwa haujanitoka wote.

"Jaza kandambili."

Nilitaka kucheka, halafu nikakumbuka kwamba baba mwenyewe alikuwa akikata soli za kandambili kuukuu na kuzifunga kwenye nyavu ili zielee. Na ufuko wetu, mwanangu, ulijaa kandambili zilizoletwa na mawimbi, za kushoto tupu, sijui za kulia zilikuwa zikienda wapi. Tukaanza kuokota jioni ile, tukaendelea alfajiri, na hakuna aliyeuliza cheo. Kufikia saa tano ufuko ulikuwa safi kuliko siku zote za komite yetu, na bidoni kumi na mbili zilizopasuka zilikuwa zimejaa soli hadi shingoni. Mama Riziki akaomba rangi iliyobaki ya mtumbwi wa baba, akanifanya niandike ubavuni mwa kila bidoni jina la mama aliyeitoa.

Saa sita mitumbwi ikatokea. Papa Riziki alikuwa wa mbele, wavu miguuni. Baba alisimama mchangani kando yangu, mikono nyuma.

"Njo alama hii?" Papa Riziki akacheka. "Hii takataka?"

Akanyoosha mkono aisukume bidoni iliyo karibu. Ikajigeuza majini taratibu, akasoma: MAMA RIZIKI. Akainua macho. Mke wake alikuwa ufukoni, kashika mwiko.

"Gusa, Papa Riziki," akamwambia kwa upole. "Gusa, tuone leo utakula kwa nani."

Wale waliokuwa naye mtumbwini wakaangalia pembeni. Papa Riziki akakohoa, akasema upepo wa leo si mzuri, akageuza mtumbwi. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa tete. Baba alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na mimi nikamwona akifuta macho, nikajua ile siku moja aliyobeba aibu yangu ilikuwa nzito kuliko alivyoonyesha.

Miezi mitatu ilipita, hakuna bidoni iliyopotea. Ghuba ilipofunguliwa, Papa Riziki mwenyewe alimletea baba kuhe wa kwanza, mkubwa, wa kushikwa kwa mikono miwili. Akamweka mlangoni, akaondoka. Na mimi ndiyo wakaanza kuniita Papa Kandambili, kabla hata sijaoa. Cheo hicho tu ndicho kilichodumu.

Nimekueleza haya kwa sababu nasikia wewe na wenzako mmeunda kundi, mna fulana na simu za picha, na Jumamosi mnakwenda kulinda ufuko. Nendeni, mwanangu, ziwa linawahitaji kuliko lilivyotuhitaji sisi. Ila kabla ya kuweka alama yoyote majini, kawasalimie wakina mama wanaoteka hapo. Waulize wanachokijua, uwasikilize mpaka wamalize, hata kama watakuwa wamekalia bidoni yako. Usimchukulie mtu kuwa mwizi wa jambo ambalo hukumwambia. Cheo wakikupa kipokee, lakini uwe umeokota kandambili ya kwanza. Na kama kuna mtu aliyesimama akasema "mutoto yangu ataweza", mkumbuke huyo kabla hujapuliza filimbi.

Nenda sasa. Mungu akulinde majini na nchi kavu, matete yasikose vitoto vya samaki siku zako zote, na akina Mama Riziki wa ufuko wako wawe upande wako. Ukirudi Jumamosi niletee kandambili moja ya kulia, maana mpaka leo bado naitafuta.